Mguu wa Mwalimu Abner

Jumanne ilikuwa siku ya kuchuma majani chai. Kemuma aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakama ng'ombe, akakoroga uji wa wimbi, akauacha upoe huku akitafuta kikapu chake cha mgongoni. Kisha akaingia chumbani kumwamsha mumewe ameze dawa. Mwalimu Abner alikuwa amelala chali, macho wazi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeota plasta. Ilianzia chini ya goti ikaishia penye vidole, nyeupe, kavu, imelainishwa kana kwamba aliyeifunga alikuwa na siku nzima ya kuishughulikia. Jana yake jioni, Kemuma alipomvua soksi, haikuwapo.

"Inauma?" akauliza.

"Hapana," akasema Abner. "Inawasha kidogo huku nyuma."

Kemuma akampa vidonge vyake viwili na kikombe cha uji. Halafu akasimama mlangoni, kikapu mgongoni, akijiuliza nani atakaa naye. Ndilo swali alilojiuliza kila Jumanne na kila Ijumaa kwa miaka mitatu, na plasta haikuwa imelijibu.

Mwalimu Abner alikuwa akifundisha somo la kilimo katika shule moja ya upili, na alifundisha vizuri, mpaka redio ilipoanza kumtaja jina. Mwanzoni ilimtaja wakati wa matangazo ya vifo tu. Baadaye ikamtaja hata kwenye utabiri wa mvua. Akawa anabisha hodi nyumba za watu kwa adabu, anaomba bisibisi, anafungua redio kumtafuta huyo anayemtaja, kisha anaifunga tena. Redio zilizopita mikononi mwake zilishika stesheni vizuri kuliko zamani, lakini hakuna aliyemshukuru. Akaacha kulala. Akaanza kutoka nyumbani. Safari moja alitembea kwa miguu mpaka Ogembo, siku mbili njiani, ameitwa kwenye mkutano ambao haukuwa umeitishwa na mtu yeyote. Daktari alisema ugonjwa huo una jina na una dawa, na kwamba Abner atatulia iwapo atameza dawa, atalala, na atakuwa na mtu wa kukaa naye. Dawa aliziandika kwenye karatasi. Mtu wa kukaa naye hakumwandika, maana hauzwi dukani.

Na mtu huyo hakupatikana. Si kwamba majirani wa Kemuma, huko nyuma ya soko la Ikonge, walikuwa na roho mbaya. Mtu akiumwa na tumbo, wageni walimfikia kabla dawa haijamfika tumboni, kila mmoja na sukari yake, na walikaa mpaka chai iishe kwenye birika. Lakini habari za Abner waliziuliza wakiwa barabarani, bila kusimama, kwa sauti ya kuulizia kitu kilichoibwa. Wengine walisema ni laana ya babu yake. Wengine walisema ni mapishi ya Kemuma, na hao ndio waliokuwa wamekula sana kwake siku ya harusi.

Kanisani kulikuwa na akina mama wa Dorkasi, ambao kazi yao ni kutembelea wagonjwa. Kiongozi wao, Esnah, alikuwa na daftari lenye safu tatu: jina la mgonjwa, kiungo kinachouma, siku ya kutembelewa. Kemuma alimfuata mwaka ule wa kwanza akamwomba amwandike Abner. Esnah akashika kalamu.

"Kiungo gani, dada?"

"Andika kichwa."

"Kinamuuma?"

Kemuma hakuwa na mazoea ya kusema uongo, tena uwanjani pa kanisa. Akasema hapana, hakimuumi. Esnah akafunga daftari kwa upole na kumwambia watamkumbuka katika sala, na labda walimkumbuka.

Aliyekuwa na mpango ni Sylvanus, kaka mkubwa wa Abner, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ogembo. Sylvanus alimpenda ndugu yake. Alikuwa amemtafutia nafasi katika kituo kimoja cha maombi kilichoko mbali, kupita Nyamarambe. Kituo kilikuwa na orodha ya vitu vya kuja navyo, kama shule ya bweni: godoro, sahani, kikombe, Biblia, sabuni ya mche, na mnyororo wa mita mbili pamoja na kufuli. Sylvanus alikwisha kuukata mnyororo dukani kwake, ule mzuri usioshika kutu. Kemuma alifika kituoni siku moja kujionea. Alikuta wanaume kumi na wanne wamekaa chini ya kibanda cha mabati, kila mmoja na mnyororo aliokuja nao kutoka kwao, na tangu siku hiyo ndama wake alimfunga kwa kamba. Aliapa kuwa Abner hataenda huko. Sylvanus akamwambia sawa, shemeji, lakini siku Abner akitoka tena peke yake, yeye ataleta gari. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mtu wa kukaa naye siku mbili kwa wiki, toka asubuhi mpaka majani yapimwe.

Jumanne hiyo Kemuma hakuchuma. Alimpakia mumewe kwenye bodaboda wakaenda hospitali. Daktari akaupiga mguu picha, akaiinua dirishani, akaitazama. Mfupa ulikuwa mzima kabisa.

"Nani alifunga hii?" akauliza.

"Imeota," akasema Kemuma.

"Imeota vizuri." Daktari akagonga plasta kwa kidole, akasikiliza mlio wake. "Wiki sita. Asiloweshe." Akawapa magongo mawili, akamwita mgonjwa anayefuata.

Waliporudi, jirani yao Onsongo alikuwa akikata nyasi za ng'ombe kando ya barabara. Redio ya Onsongo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufunguliwa, na kwa miaka mitatu hakuwa amekanyaga ua wa Abner. Alimwona akishuka kwenye pikipiki, plasta mbele. Panga likamponyoka.

"Ai, Mwalimu! Umeumia?" Akaja mbio, akamshika Abner kiunoni, akamwingiza mpaka sebuleni na kumtafutia kigoda cha kuinua mguu. "Pole sana. Hii mguu ni ya kuangalia vizuri. Mong'ina, wewe mama, leta maji anawe uso. Mtu wa plasta hawezi wachwa peke yake, akianguka je?"

Kemuma akaenda jikoni kuleta maji.

Kabla ya saa kumi nyumba ilikuwa imejaa. Ilijaa tena Jumatano na Alhamisi. Sukari ililetwa, ndizi mbivu zikaletwa, mkate, unga wa wimbi, kuku mmoja mwenye miguu iliyofungwa kwa kitambaa. Waliokuwa wakivuka barabara wakimwona Abner sasa walivuka kuja upande wake. Kila mmoja aliuambia mguu pole. Kila mmoja aliomba kalamu akaandika jina juu ya plasta, mchungaji akaandika Zaburi na aya yake, na Esnah akaandika kwa mwandiko wa kitabuni, "Pole, Idara ya Dorkasi," akatia tarehe. Kisha akafungua daftari na kujaza safu zote tatu bila kusita. Kwa kuwa mke wa mgonjwa alikuwa na majani ya kuchuma, akapanga zamu: Jumanne Onsongo, Ijumaa akina mama wawili wa Dorkasi. Alipanga kwa dakika nne. Kemuma alisimama pale na birika mkononi, akifurahi na kukasirika kwa pamoja, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa.

Sylvanus naye alikuja, akautazama mguu, akakipigia kituo cha maombi simu hapohapo akiwa amesimama. Akasikiliza, akaitikia eeh, eeh, akakata simu.

"Wamesema aje akipona," akamwambia Kemuma. "Wao hawapokei wagonjwa."

Wiki zile sita zilikuwa nzuri kuliko miaka mitatu iliyotangulia, na Kemuma hakuona haya kulisema. Onsongo alifika kila Jumanne saa moja kamili na ubao wa drafti, na vizibo vya soda ishirini na vinne kwenye mfuko wa karatasi. Abner aliendelea kuisikia redio. Katikati ya mchezo aliinua kichwa akasema wamemtaja tena, safari hii kati ya wagombea wa chama cha wakulima. Onsongo alitikisa kichwa kwa huruma.

"Ni maumivu hiyo, Mwalimu. Mfupa ikivunjika, maumivu inapanda mpaka kwa masikio. Mjomba wangu alivunjika nyonga, akasikia ng'ombe wakiongea Kiingereza. Cheza, ni zamu yako."

Na Abner alicheza. Akina mama wa Ijumaa walimkumbusha dawa, wakidhani ni za mfupa, wakamsimamia mpaka ameze. Alilala usiku. Alianza kuuliza habari za watu. Siku moja alimweleza Onsongo jinsi ya kupandikiza parachichi, somo zima, toka kukata mpaka kufunga, na Onsongo akaenda akapandikiza miti sita nayo ikashika. Kemuma alichuma majani kwa mikono miwili na akili moja, bila kuinua kichwa kila dakika kutazama nyumbani. Jioni walikula wakizungumza. Jioni moja Abner alimtania kuwa amenenepa, na Kemuma akacheka mpaka akakohoa.

Wiki ya sita ilipotimia, siku ya Sabato asubuhi, plasta ilipasuka yenyewe kutoka juu mpaka chini, ikajimenya kama ganda la ndizi na kuanguka kando ya kitanda, majina yote yakiwa juu yake. Mguu ulikuwa mwembamba kidogo lakini salama. Abner akavaa viatu vyote viwili wakaenda kanisani. Kanisa likaimba. Mzee wa kanisa akamsimamisha mbele ili watu wamwone, naye Esnah akalifungua daftari na kupiga mstari juu ya jina lake kwa rula. Watu walimpa Kemuma mkono mlangoni na kumpongeza kwa uvumilivu.

Jumanne Abner alipanga mezani vizibo alivyoachiwa na Onsongo, vyeusi upande wake, vyekundu upande wa mgeni. Alikaa akingoja. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Kemuma, ambaye kikapu kilikuwa mgongoni tayari, akatoka mpaka ukingoni mwa shamba na kumwita Onsongo, aliyekuwa akikata nyasi upande wa pili wa barabara.

"Onsongo, leo hakuna drafti?"

Onsongo akanyoosha mgongo. Hakuwa mtu mbaya, na aibu ilimpanda usoni. "Si Mwalimu alipona?"

"Mguu ulipona."

"Sasa si ndio hiyo." Akalitazama panga lake. "Hiyo ingine ni mambo ya nyumba yenu, mong'ina. Mtu hawezi ingilia."

Akina mama wa Ijumaa pia hawakuja. Kemuma alimwendea Esnah baada ya ibada akamweleza wazi, mbele ya wenzake wawili, kwamba mumewe bado ni mgonjwa, ugonjwa ule ule, na anachohitaji ni mtu wa kukaa naye tu. Esnah akasema mgonjwa akishapigwa mstari hawawezi kumrudisha bila sababu mpya. Alisema hivyo bila kumtazama machoni. Wenzake wakaangalia viatu vyao.

Jumanne iliyofuata Abner alingoja mbele ya vizibo mpaka saa nne, kisha akasimama na kutoka. Alipatikana jioni sokoni Ikonge, kwenye kibanda cha fundi wa simu, ameketi vizuri, amefungua redio tatu na kuzipanga skrubu kwa ukubwa. Hakuwa amemdhuru mtu. Fundi alikuwa akimwambia asante. Lakini aliyempata alikuwa ameshampigia Sylvanus simu, na Sylvanus alipompigia Kemuma hakusubiri salamu.

"Shemeji, hii maneno imekaa sana. Jumapili nakuja na gari. Godoro iko, mnyororo iko. Wewe tafuta tu sahani na kikombe."

Alhamisi Kemuma alirudi kutoka mtoni akamkuta mumewe ameketi kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa ameunyoosha mguu wa kulia juu ya vigoda viwili vilivyoachana, na mchi wa kinu alikuwa ameulaza magotini. Uso wake ulikuwa umetulia. Alizungumza kwa sauti ile ya darasani ambayo Kemuma aliipenda kabla ya kumpenda yeye.

"Piga hapa," akasema, akionyesha kwa kidole. "Katikati. Usiguse goti, goti halirudi vizuri. Mfupa huu unataka wiki sita, labda nane kwa umri wangu. Ukipiga leo, Onsongo atakuja Jumanne."

"Abner, wacha."

"Nimefikiri sana. Nimeangalia pande zote. Niambie ni wapi nimekosea."

Kemuma akatafuta alipokosea. Aliweka ndoo chini akatafuta kwa uaminifu, na hakupata. Ndipo alipolia, mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mitatu. Alimnyang'anya mchi, akaufungia jikoni, akaweka ufunguo kifuani. Kisha akamshika Abner mkono wakaenda wote wawili, jua likiwa linashuka, mpaka nyumbani kwa Esnah.

Esnah aliwaona wakiingia, akatazama barabarani, akawapitisha haraka na kufunga mlango. Mezani alikuwa ameketi binti yake, Valentine, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyewahi kwenda chuo cha ualimu na kurudi muhula wa pili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta. Kanisa zima lilijua kwamba Valentine alianguka kutoka kwenye mparachichi. Kemuma mwenyewe alikuwa ameupelekea mkono huo sukari mara mbili, na mara zote mbili aliuambia pole, akanywa chai, akaenda zake. Sasa, huku akitafuta la kusema, aligundua kwamba mara ya kwanza na ya pili zilipishana kwa miaka minne.

Valentine alikuwa akiongea polepole na mtu ambaye hakuwa chumbani. Abner akavuta kiti akaketi karibu nao, akawasikiliza wote wawili.

"Ya kwanza iliota yenyewe," akasema Esnah. "Usiku, kama ya kwenu. Watu wakaja, mtoto akalala, akakula. Ikaanguka, na wote wakapotea siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata nikaenda kwa duka la dawa Nyamira, kwa sababu hapa wananijua, nikanunua bendeji za plasta nikamfunga mwenyewe. Kila wiki sita ninamfunga."

"Na ukampiga Abner mstari," akasema Kemuma. "Ukijua."

"Ningesema nini mbele ya watu? Niseme nimejuaje?"

Kemuma alitaka kumtukana. Tusi alikuwa nalo tayari mdomoni, la Kigusii, zito. Lakini Esnah alikuwa amekwisha kuinama chini ya kitanda na kutoa katoni, na machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye katoni hiyo, naye akaendelea kutoa vitu kana kwamba macho ni ya mtu mwingine. Bendeji sita. Pamba. Alimfundisha Kemuma hapohapo juu ya mguu wa meza. Maji yawe ya vuguvugu. Pamba kwanza, isikunjike. Uanzie chini, usikaze, uache vidole vipumue.

"Na ufunge ile mguu ingine," akamalizia. "Watu hawapendi ugonjwa wenye unarudi mahali pamoja. Wanaanza kuuliza."

Kemuma alimfunga mumewe Jumamosi jua lilipokwisha kutua na Sabato kwisha. Kazi yake ilikuwa mbaya. Plasta ilikuwa na matuta, na ncha ya bendeji ilining'inia kisiginoni. Lakini asubuhi alipoingia na uji aliikuta imekomaa, nyororo, haionyeshi ilipoanzia wala ilipoishia, nayo ilikuwa imeushika mguu kama gome linavyoshika mti.

Sylvanus aliwasili saa nne, godoro limefungwa juu ya gari. Akaingia, akaona. Akapiga magoti akaigonga plasta kwa vifundo vya vidole.

"Na hii ni ya kulia."

"Ndiyo, ni ya kulia," akasema Kemuma.

"Pole, ndugu yangu," Sylvanus akamwambia Abner, na ilimtoka moyoni. Akaenda kwenye gari akarudi na kilo mbili za sukari, alizokuwa amebeba kwa ajili ya walinzi wa kituo. Aliondoka taratibu kwa sababu barabara ilikuwa na matope, na mnyororo ulisikika ukigonga ndani ya buti la gari mpaka alipofika kona.

Jumanne Onsongo alikuja saa moja kamili. Aliuliza imekuwaje, akaambiwa ni ngazi, akaridhika. Akina mama wakaja Ijumaa. Abner akarudia kulala usiku. Kemuma alinunua bendeji nyingine kabla hazijahitajika, na safari hiyo mwenye duka la dawa Nyamira akamwambia alikuwa na bahati, kwani siku hizi zinakwisha upesi. Watu wa kwenu mnaumia sana, akasema. Ni hizi pikipiki.

Mwezi uliofuata alikuja mgeni kanisani. Aliitwa Apiyo, mama wa makamo aliyezaliwa upande wa ziwa na kufanya kazi Nyamira mjini, katika mradi mmoja wa afya. Mchungaji alimpa dakika kumi baada ya matangazo. Apiyo alisimama mbele bila maringo, akasema kwa Kiswahili kizuri kwamba mradi wake hausaidii wagonjwa wa akili peke yao, unasaidia nyumba zao. Alisema anajua mama au mke anavyochoka. Alisema kwao mgonjwa ni kaka yake, na kwamba mama yao alikufa bila kupumzika siku moja. Kila nyumba itakayojiandikisha itapata mtu aliyefunzwa, wa kuja kukaa na mgonjwa siku mbili kwa wiki, mwaka mzima.

"Siku mnazochagua nyinyi wenyewe," akasema. "Ya soko, ya majani chai, yoyote ile. Tafadhali, mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani ainue mkono, niandike jina."

Hakuna aliyeinua mkono. Kemuma alikuwa ameketi upande wa akina mama, safu ya nne, na kutoka hapo alimwona Abner upande wa wanaume, mguu umenyooshwa kwenye njia ya katikati, kila apitaye akiuruka kwa heshima. Alijua kwamba akiinua mkono, Jumanne Onsongo hatakuja, na Sylvanus atasikia. Lakini alichokuwa akikitafuta kwa miaka mitatu kilikuwa kimesimama pale mbele na karatasi, na hakikudai mfupa wowote. Alipiga moyo konde. Akakata shauri auinue mkono wa kulia.

Mkono haukuinuka. Alijaribu tena akauona mzito, akatazama chini. Plasta ilikuwa imeota toka kwenye vidole mpaka karibu na kwapa, imekunja kiwiko na kuulaza mkono wote tumboni, bado ina unyevu na joto lake. Akatazama kando. Esnah alikuwa ameketi wima kabisa, mikono yake yote miwili imekunjwa hivyo hivyo ndani ya plasta. Safu ya mbele mama mmoja aliuchunguza wa kwake, akavuta leso na kuufunika. Upande wa wanaume mzee wa kanisa alikuwa na mkono wa namna hiyo, na mwimbishaji wa kwaya, na wengine watatu au wanne ambao Kemuma hakuwa amewahi kuwadhania. Alifungua mdomo atamke jina lake. Wote wale walikuwa wakimtazama, na mdomo akaufunga.

Apiyo alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko dakika alizopewa. Kisha akaandika sifuri kwenye fomu, na mchungaji akamshukuru Mungu kwa kulilinda kanisa lile na ugonjwa huo.

Baada ya ibada Apiyo alisimama mlangoni kusalimia watu. Kwa kuwa wengi walikuwa na plasta, alijifunza upesi kutoa mkono wa kushoto. Alimshika Kemuma kwa wema, akaugusa ule mwingine kwa ncha za vidole.

"Pole sana, mama. Uliumia lini?"

"Sasa hivi," akasema Kemuma.

"Na unaye mtu wa kukusaidia nyumbani?"

Nyuma yake Onsongo na akina mama wawili wa Ijumaa walikuwa wamekwisha kupanga foleni, kalamu mkononi.

"Sasa nitapata," akasema Kemuma.